Pumzi ya Kuaga

Sauti ya kwanza ilitoka bafuni, mchana kweupe, na Hafidh hakuishughulikia. Alikuwa ameketi sakafuni katika nyumba yao ya kupanga, ghorofa ya tano, mtaa wa Sanyuanli. Alikuwa ndio kwanza amepuliza mwito wa mia na kitu hivi na kuutia kwenye boksi. Kabla hajaushika mwingine, kunguru akamjibu kutoka ndani. Kwaa, mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeitikia hodi.

"Umesikia?" mkewe Fathiya aliuliza kutoka jikoni.

"Kunguru tu."

"Kunguru wa wapi, Hafidh? Mwaka wa pili huu tuko Guangzhou, mie sijamwona hata mmoja."

Hafidh akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka akitaka jambo limpite. Akachukua mwito mwingine, akapuliza.

Miito yenyewe ilikuwa vipande vya mbao vya urefu wa kidole, vimetobolewa katikati na kutiwa ulimi wa mwanzi. Ukipuliza sawasawa, hutoa sauti ya kunguru aliyeona chakula, na kunguru wote wa mtaa huja mbio. Kwao Unguja ndege hao walikuwa balaa, wanabeba vifaranga na kudonoa samaki mpaka sahanini. Mwenye shamba aliyetaka kuwatega alikwenda kwa Zubeir, kaka yake Hafidh, aliyerithi uchongaji kwa baba yao. Zubeir alichonga mwito mmoja kwa siku nne, kwa mti wa mpera, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Hafidh alipomwomba mmoja uwe ukumbusho wa nyumbani, Zubeir alivua ule aliouvaa shingoni, akampa.

Ukumbusho huo Hafidh aliupeleka Shiling, pembezoni mwa mji, kwenye karakana iliyokuwa ikichonga mishikio ya mikoba ya kike. Laoban, bosi wa pale, akaupasua kwa msumeno autazame tumbo, kisha akaugandisha kwa gundi. Mei wenti, alisema, hakuna shida. Mafundi wake wakachonga mia nne kwa wiki tatu. Mnunuzi, mwenye duka la zana za kilimo mjini Unguja, alikuwa anangoja. Zubeir hakuambiwa. Hafidh alijua fika kwamba siku mzigo ule utakapofika, kaka yake hatakuwa na mteja tena, akajiambia biashara haina udugu. Wanaosema hivyo huwa ni wale waliokwisha kumuuza ndugu.

Mafundi wa Shiling hawakumjua kunguru wa Unguja analiaje, kwa hiyo Hafidh aliijaribu miito yote mwenyewe. Aliupuliza ule wa Zubeir mara moja kupata mfano, halafu ile mia nne, kila mmoja pumzi moja, siku tatu mfululizo. Alichokiacha ni kile ambacho baba yao aliwachapia viboko wakiwa wadogo. Ukishapuliza, ugeuze pumzi, uvute. Pumzi ya kuita, kisha pumzi ya kuaga. Hafidh aliona huo ni mchezo wa wazee, na mia nne ni nyingi, na mdomo ulikuwa unamuuma.

Ilikuwa Aprili, siku zile ambazo kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo hazikauki wiki nzima. Siku ya pili ikaja harufu ya manyoya mabichi yaliyotiwa motoni. Siku ya tatu, asubuhi, Fathiya aliita kwa sauti ndogo kutoka chumbani, na Hafidh alipoingia akamkuta amesimama mbele ya ukuta. Juu ya unyevu kulikuwa na nyayo. Zilikuwa za ndege, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, ila kila unyayo ulikuwa na urefu wa mguu wa mtu, na zilipanda kutoka kitandani, upande anaolala Fathiya, mpaka darini.

"Ni hii miito yako," Fathiya alinong'ona. "Mpigie shemegi Zubeir umuulize."

"Nitampigia."

"Leo."

Hakumpigia. Fathiya alikuwa na pumu ya utotoni iliyomwacha miaka mingi, na sasa ilirudi, ikiwa na jambo jipya ndani yake. Kila alipotoa pumzi, chini kabisa kifuani, kitu kililia kwaa. Dawa ya kuvuta haikusaidia. Hafidh akafanya alichokijua kama mfanyabiashara. Aliyafunga maboksi, akayapeleka ofisi ya mizigo, akasimama pale mpaka kontena likafungwa na kuondoka, akiamini balaa limeondoka nalo.

Lakini jioni ile alipofungua mlango harufu ilimpokea kabla ya mkewe, na alipovuka sebule alisikia makucha yakitembea juu ya kabati, yakasimama aliposimama, yakaenda alipokwenda, na ndani ya bafu kitu kizito kilikuwa kikijikung'uta maji kama ndege ajikung'utavyo mabawa, na chumbani Fathiya alikuwa amekaa kitandani ameshika godoro kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya kijivu, anavuta hewa isiyofika popote, na kila hewa iliyotoka ilitoka na ile sauti, nayo sauti ilijibiwa na kabati, na bafu, na uvungu wa kitanda.

Hafidh alishuka ngazi mbio mpaka kibanda cha simu kilichokuwa chini ya nyumba. Unguja ilikuwa adhuhuri.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Hafidh akamweleza ya mwito, na nyayo, na pumzi ya Fathiya, haraka, kwa kunong'ona, ingawa pale hakuna aliyejua Kiswahili.

"Uliupuliza ndani, na hukuuaga," Zubeir alisema.

"Sikuuaga."

"Sikiliza, mdogo wangu. Mwito ule hauwaiti kunguru. Unamwita mchunga wao, na si mtu yule. Kunguru humfuata tu. Huko uliko hakuna kunguru, kaja hana cha kuchunga, kashika pumzi ya mkeo. Akishashika hapumziki, hulia mpaka pumzi ile iishe, ndipo hunyamaza."

"Nifanye nini, kaka?"

"Anaagika. Soma, kisha uvute pumzi kwa mwito uleule. Kila pumzi uliyopuliza ina wake, na kila mwito humuaga aliyeitwa nao, haumuagi mwingine. Kwa hiyo niambie kweli. Ulipuliza mara ngapi?"

Hafidh alitazama ukuta wa kibanda. Kusema mia nne ni kusema Shiling, na msumeno, na mnunuzi, na kontena. Alimwona Zubeir akilini, akivua mwito shingoni.

"Mara moja."

"Hafidh. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Moja tu, kaka. Nilikukumbuka, nikapuliza."

Zubeir akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi huyo mmoja mwepesi. Nenda. Na mie nakukumbuka."

Hafidh alipanda, akasoma, akaushika mwito ulioungwa kwa gundi, akavuta. Ulimi ukalia kinyume, na kinywani mwake mkajaa uchungu wa manyoya. Juu ya ukuta unyayo mmoja ukashuka, na wa pili, na wa tatu, nyayo zikatoka dirishani, na pazia likapigwa nje. Fathiya akavuta pumzi moja kamili, nzima. Hafidh akalia kwa furaha.

Kisha bafu likajibu. Kwaa. Kabati likajibu, na uvungu, na jikoni, na ngazi za nje ghorofa zote tano, na kwenye kuta nne jasho likaanza kukanyagwa, jozi kwa jozi, hadi hapakubaki mahali pa kuweka kiganja.

Fathiya hakuzitazama kuta. Alimtazama yeye.

"Ulimwambia shemegi umewaita wangapi?"

Hafidh aliurudisha mwito mdomoni. Alivuta tena, na tena, mpaka gundi ikaachia na mwito ukafunguka vipande viwili mkononi mwake.

"Hafidh. Wangapi?"

"Mmoja."

Fathiya akageuza macho kwenye kona yalipokuwa maboksi. Sakafu yote ilikuwa maji, ila pale palibaki miraba minne mikavu.

"Nenda kamwambie kweli," alisema, neno moja moja. "Mzigo ule unakwenda Unguja, kwenye watoto wake."

Akashuka. Akapiga. Safari hii aliyapanga maneno yote kuanzia Shiling. Aliyepokea alikuwa Mwanakhamis, mke wa Zubeir.

"Hayupo, shemegi. Kachukua shoka, kaenda kukata mpera akuchongee mwingine. Amefurahi leo. Anasema mdogo wake yuko mbali lakini anamkumbuka."

Hafidh alifungua mdomo. Kutoka dirisha la ghorofa ya tano zile sauti zilikuwa zikimfikia mpaka kibandani, mamia kwa mamia, na wapita njia walikuwa wameinua vichwa. Halafu zikanyamaza, zote kwa pamoja.

"Shemegi? Nimwambie nini akirudi?"

Mwenye kibanda alinyoosha mkono, akataka simu yake.