Gogo Lililogeuka Kizuizi

Kila asubuhi Wivine alikaanga mikate mbele ya nyumba yake, kando ya njia katika komini ya Makiso. Ilikuwa miaka ya vita, na magari ya askari yalikimbia hapo kama yanafukuzwa. Leo jeshi hili, kesho jeshi lile. Wivine alikuwa ameacha kuuliza nani ni nani. Hofu yake ilikuwa moja: binti yake Aurélie alivuka njia hiyo kwenda kuchota maji. Juzi gari lilimkosa kidogo tu, likasaga ndoo.

"Tuweke gogo katikati ya njia," akasema Katembo, mume wake. "Tuone kama watakimbia tena!"

Majirani wakaburuta gogo kubwa, likalala kutoka mtaro hadi mtaro. Kumbe waliruka majivu, wakakanyaga moto.

Kesho yake gari la askari lilisimama. Askari mmoja akashuka, akagusa kizuizi kwa kiatu.

"Hii barrière ni ya nani?"

"Ni ya kupunguza mbio tu, chef," Katembo akajibu.

"Bon. Barrière bila askari iko mubaya."

Akaketi juu ya gogo. Wenzake wakaketi pia. Tangu hapo hakuna raia aliyepita bure. Waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, walitoa sabuni. Aurélie alirudi na ndoo nusu, maana askari walinawa maji yake. Gari la jeshi lilipofika, gogo lilivutwa kando, gari likapita kwa mbio zilezile.

Wivine alichanganyikiwa kabisa. Walitaka kuzuia magari, wamejizuia wenyewe! Akaenda kwa jirani yake Édouard, mfanyakazi wa barabara wa komini, serikali ya mtaa.

"Papa Édouard, tulikosea wapi?"

"Mama Aurélie, gogo inasimamisha. Nyinyi mulitaka kupunguza mbio. Kwa ile kazi tunajenga dos d'âne, tuta ya mawe na udongo. Mugongo yake iko laini, toleka inapanda bila kuanguka. Tunapaka chokaa, dereva anaiona toka mbali."

"Na ruhusa tutaomba kwa nani? Hatujue hata nani anatawala hii muji!"

Édouard akacheka bila furaha.

"Hata mimi sijue vizuri. Lakini njia ni ya komini. Mukuje pamoja na chef wa quartier, muombe. Tutachagua fasi ya kuweka tuta, tutapima, tutaambia commandant. Mvua ikiisha tutarudia kuangalia kama tuta iko muzuri. Mukiweka kitu bila komini, kila mwenye bunduki atasema ni yake."

Wakaenda wote pamoja na mkuu wa mtaa. Komini ikapima. Kamanda alikubali upesi, kwa sababu gari lake mwenyewe lilikuwa limevunjika springi kwenye gogo lile usiku mmoja, walinzi wakiwa wamelala. Tuta likajengwa, likapakwa chokaa. Kwa ruhusa ya kamanda Katembo akalipasua gogo kuwa kuni, na askari wakakosa pa kuketi.

Asubuhi moja Aurélie alisimama ng'ambo ya njia, ndoo imejaa kichwani. Gari la askari likatokea kwa kasi. Wivine akashika kifua. Dereva akaona weupe wa tuta, akapunguza mwendo, akapanda taratibu. Alipomwona mtoto, akasimama, akampungia mkono apite.

"Mama, hii ni jeshi gani?" Aurélie akaita.

Wivine akasukuma kipande cha gogo motoni, chini ya mafuta ya mikate.

"Sijue, mutoto wangu. Vuka."