Mwalimu Alistidia Ajifunza Kungoja

Asubuhi hiyo Mama Immakulata alimenya ndizi huku akiimba. Binti yake Joviana alikuwa amekwisha kuoga. Gauni lake la shule lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi ya makaa, hata kile kiraka cha begani kilinyooka.

"Leo mkufunzi wa chuo anakuja kumtazama mwalimu wetu," mama alisema. "Na aone kwamba watoto wetu ni wasafi."

Mwalimu mwenyewe alikuwa palepale jikoni, anakunywa uji usiotaka kuteremka. Jina lake Alistidia, msichana wa Bilele, Bukoba mjini. Alikuwa bado anasoma chuo cha ualimu, na chuo kilimleta Muleba kwa mazoezi ya kufundisha. Shule haikuwa na nyumba ya kumpa, basi Mama Immakulata na mumewe Karugendo wakampa chumba. Walimpenda, hakuna la kuficha. Nyuma ya nyumba palikuwa na mkungu mnene wa ndizi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Huo ulikuwa wa mgeni, siku atakaporudi kwao.

Alistidia alikuwa na hofu. Darasa lake la pili lilijaa watoto. Wengine walikaa chini, na kitabu kimoja cha hesabu kilisomwa na vichwa vingi. Hayo aliyazoea. Kilichomshinda ni watoto wachache ambao wakiulizwa swali hukaa kimya. Joviana aliwazidi wote. Ukimwuliza, anatazama miguu yake. Alistidia hakuuweza ukimya ule. Aligeuka upesi kwa Datius, ambaye mkono wake ulikuwa juu hata kabla ya swali kwisha.

Na leo mkufunzi, Ndugu Rutashobya, angekaa nyuma ya darasa akitoa alama. Akimpa alama mbaya, Alistidia angerudia mwaka mzima.

Basi akafanya ujanja. Kengele ilipolia, aliwaita watoto wake wakimya. "Ninyi nendeni mkamwagilie kitalu cha kahawa," aliwaambia.

Wote walikwenda bila neno. Joviana peke yake aligeuka, ameshika kopo la maji mbali na gauni lake ili lisilowe.

"Mwalimu, mgeni atapita na kule kwenye kitalu?"

"Kwa nini?"

"Mama amenifulia gauni ili anione."

Mtoto akaenda zake.

Mwalimu Penina alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye mwalimu mwenyewe wa darasa hilo, naye alifundisha tangu kabla ya Uhuru.

"Umewapunguza wanafunzi wangu," alisema.

"Wako kwenye kazi ya kujitegemea, waitu," Alistidia alijibu kwa neno la heshima la Kihaya.

"Kazi ya kujitegemea ni mchana, baada ya masomo. Usinifanye mtoto."

Alistidia aliinamisha kichwa. "Hawajibu, waitu. Nitaaibika mbele ya mkufunzi."

"Ukimwuliza Joviana, unamngoja?"

"Simngoji. Namgeukia Datius."

"Basi hujui kama hajui," Penina alisema kwa upole. "Watoto hawa Kiswahili wamekikuta hapa shuleni. Swali lako analipeleka kwanza kwenye Kihaya. Huko analifikiria, anapata jibu, halafu anatafuta Kiswahili cha kulisemea. Akifika, wewe umekwisha kuondoka. Nilikosea hivyo hivyo nilipoanza kazi."

"Nifanye nini?"

"Waweke mbele. Uliza, kisha nyamaza, upumue taratibu. Datius ashushe mkono. Swali likiwa gumu, waache wanong'onezane wawili wawili kwanza, hata kwa Kihaya. Hiyo si aibu. Ndiyo kazi yetu."

Sauti ya Landrova ilisikika barabarani. Mkufunzi alikuwa anafika. Alistidia alitazama barabara, akatazama kitalu. Kisha akakimbia, sketi mkononi, akateleza kwenye tope la kitalu, akasimama.

"Rudini darasani!" aliwaita. "Rudini, watoto wangu. Mnakaa mbele."

Ndugu Rutashobya alikaa nyuma, miwani puani. Alistidia alisimama mbele na tope kwenye viatu.

"Mama ana mikungu kumi na miwili," alisema. "Ametoa mitano kwa wajenzi wa zahanati. Imebaki mingapi? Nong'onezaneni."

Darasa lilivuma kwa Kihaya. Kisha akasema, "Joviana."

Joviana alisimama, akatazama miguu yake. Mkono wa Datius uliruka juu.

"Shusha, Datius. Tunamngoja Joviana."

Mkufunzi aliandika kitu. Ulimi ulimwasha Alistidia, lakini hakusema neno. Alimtabasamia mtoto, akapumua taratibu.

"Saba," alisema Joviana.

"Saba! Vizuri sana!"

"Lakini mwalimu," mtoto aliendelea, "nilichelewa kwa sababu ya mkungu mmoja. Ule hatuutoi kwa wajenzi, wala hatuuli. Ni wa mgeni."

"Mgeni gani?" aliuliza mkufunzi kutoka nyuma.

Joviana aligeuka, gauni lake safi likaonekana na watu wote.

"Ni yeye, mwalimu wetu."

Watoto walicheka. Alistidia alicheka pia, kisha machozi yakamtoka mbele ya mkufunzi, akayafuta kwa mkono wenye chaki.

Baada ya kipindi Ndugu Rutashobya alimwita nje. "Hukumaliza somo lako."

"Sikumaliza, Ndugu."

"Utalimalizia kesho. Umefaulu. Kungoja vile, wengi wetu tunashindwa."

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyepelekwa kitaluni wakati wa hesabu. Wale wakimya walianza kujibu, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Datius naye alijifunza kushusha mkono, ingawa kwa shida.

Siku ya kuondoka, Karugendo alikata ule mkungu, akaufunga kwa majani makavu ya mgomba. Familia nzima ilimsindikiza mwalimu hadi kwenye basi. Alistidia alimwinamia Joviana.

"Utanikumbuka?"

Joviana alitazama miguu yake. Utingo alipiga kelele kwamba basi linaondoka. Alistidia hakusogea. Alingoja.

"Nitakukumbuka, mwalimu," alisema Joviana.