Punje ya Pili

Jumatatu asubuhi nyumba ya Laurensia kule Chonyonyo ilinuka kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa pamoja na majani kisha ikaanikwa, na kahawa hiyo haikuwemo ndani tangu mwezi uliopita. Alifunua vyungu. Akanusa mpaka kitenge chake cha safari. Harufu ilitoka kwenye kigoda cha wageni, karibu na mlango, na alipokigusa kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Hapo akakumbuka alichofanya Bukoba juzi yake, Jumamosi.

Mwaka ule wa 1987 kwaya yao ya Kilutheri ilipanda lori kwenda mjini. Jumapili waimbe, Jumamosi wazunguke nyumba za makumbusho kama watu waliosoma. Nyumba ya kwanza ilikuwa na wanyama waliokaushwa, na akina mama wakamcheka nyani mpaka mbavu zikauma. Ya pili ilikuwa msonge wenye giza, umejaa mikuki na ngoma za zamani. Laurensia alitangulia kuingia. Mlangoni palikuwa na kigoda, juu yake kikapu chenye kifuniko, ndani punje moja ya kahawa. Kibao kilisema msiguse. Lakini mtu wa Karagwe aingie nyumba ya watu, akute kahawa mlangoni, aiache? Angeonekana hana adabu. Aliitia mdomoni akaimeza. Ilikuwa na ladha ya chumvi.

Jumanne mvua ilimkuta shambani, akajibanza chini ya migomba hadi ikatike. Aliporudi, binti yake Anatolia, wa miaka sita, alikuwa amekaa peke yake akikitazama kigoda.

"Mama, mjomba amekusubiri sana."

"Mjomba yupi?" Laurensia hakuwa na kaka.

"Yule anayekaa hapo. Anasema wewe ndiye uliyeanza kwenda kwake. Kesho anakuja kukuomba kitu."

Mumewe Protase alikuwa safarini Murongo na biashara zake. Laurensia akambeba Anatolia, akakimbilia kwa mama mkwe wake, Kokubanza, mama aliyejua dawa na mambo ya kale, akamsimulia yote bila hata kukumbuka shikamoo.

"Punje zilikuwa ngapi?" Kokubanza alinong'ona.

"Moja, mama."

"Tunda la kahawa lina punje mbili, mwanangu. Watu wakifanya undugu wa damu hujichanja kitovuni, wakazipaka damu, kila mmoja akameza yake. Mwenzako alishameza ya kwanza, akakaa anangoja. Na huyo si mtu. Ni jini."

"Tulifukuze!"

"Ndugu wa damu hafukuzwi. Akiomba hanyimwi, anayemnyima mwenzake tumbo huvimba akafa. Na wewe una nini cha kuombwa, zaidi ya huyu mtoto?" Kokubanza akamshika mkono. "Lakini kiapo kinamfunga na yeye. Muwahi. Omba wewe kwanza."

Jumatano jioni wakakaa watatu ndani, Anatolia katikati. Kuku waliingia mapema, mbuzi wakanyamaza, kisha harufu ikaja, kwanza kidogo kama ya jikoni kwa jirani, halafu nzito, halafu imechanganyika na harufu ya damu, na mlango uliokuwa umekomewa ukawa wazi bila mtu kusikia komeo, na nyayo zenye maji zikajichora sakafuni moja baada ya nyingine mpaka kwenye kigoda, na kigoda kikalia kwa uzito wa mtu mnene anayekaa taratibu, na Laurensia akasikia pumzi ikivutwa, pumzi ya mtu anayetaka kuanza kusema.

"Ndugu yangu!" alipiga kelele. "Naomba! Toka kwangu, usinijie tena mpaka nife!"

Tone la maji likaanguka.

"Nimekupa," ilisema sauti, kwa upole kabisa.

Kigoda kikalia tena. Harufu ikapungua, ikaisha, na nje mbuzi wakaanza kulia. Kokubanza alicheka huku machozi yakimtoka, Laurensia akapiga magoti akamshukuru Mungu, kisha akachota maji ya moto kumwogesha mtoto, maana alitaka tu kumshika.

Alipomvua gauni, aliona kando ya kitovu mchanjo mdogo, damu yake imeshakauka. Akainama karibu. Mdomo wa Anatolia ulinuka kahawa.

"Nani amekuchanja?"

"Mjomba. Jana, wakati wa mvua. Alileta tunda zima. Punje moja yangu, moja yake."

Laurensia akamkumbatia, akalia kwa sauti. Mtoto alimpapasa mgongoni, macho yake yakiwa kwenye kigoda.

"Usilie, mama. Mimi sijamwambia aondoke."