Mihogo Isiyonuka

Redio ya Motorola ilikoroma chini ya kiti cha Peugeot 403.

"Mama anauliza: chumvi imefika?"

Adalbert Numbi akashika kipaza sauti. Kwa lugha yao ya siri, chumvi ni sumu. Swali lilimaanisha itamwagwa leo.

"Wapi?"

"Kafubu," alijibu Constance, mpelelezi mwenzake, kutoka mtaa wa Makomeno. "Ndani ya magunia, kwenye madimbwi ya mihogo, juu ya mashamba. Meja Vauthier njo atayapasua, mbele ya midi, saa sita. Wakimbizi bote banakunywa mayi ya pale. Fanya mbio, papa!"

Akakanyaga mafuta.

Katanga ilikuwa imejitenga, na askari wake, wakiongozwa na mamluki Wazungu kama Vauthier, walikuwa kila kona. Numbi, Muluba wa kaskazini kama wakimbizi wale, aliipelelezea serikali ya Léopoldville, na wakimgundua wangemuua. Hilo alikwisha kulizoea. Lakini dada yake Agnès alilima mboga za lengalenga kando ya mfereji uliotoka kwenye madimbwi hayo, na kila mchana alimwogesha mwanawe humo. Hilo hakuweza kulizoea.

Alilificha gari vichakani, akashuka mbio.

Madimbwi matatu. Yote yamejaa magunia yaliyokandamizwa kwa mawe, kama wanawake wanavyoloweka mihogo. Vauthier alikuwa mjanja, tumpe haki yake. Samaki wakielea wamekufa, watu wangelaumu maji ya mihogo, ambayo huwaua kila kiangazi.

Gunia lipi? Asingeweza kuyafungua yote.

Akanusa.

Dimbwi la kwanza lilinuka. La pili lilimtoa machozi.

La tatu halikunuka kitu.

Akainama, akanusa tena. Mihogo iliyolala majini hunuka mpaka barabarani, na mtoto yeyote wa mtaa wa Katuba analijua hilo. Mzungu huyu hakuwahi kungojea bukari, ugali wa muhogo, jikoni kwa mtu.

Kijiti kikavunjika nyuma yake.

Numbi akazama kwenye matete ya dimbwi hilohilo, maji shingoni, midomo ameibana kwa nguvu zake zote. Aliogopa hata kupumua. Je, kama gunia moja limekwisha kuvuja?

Vauthier alitokea na bunduki ya FN begani, kisu mkononi. Akainama, akavuta gunia la kwanza.

Bastola ya Numbi, Browning, ikamgusa kidevu.

"Hapana kugusa."

"Ni mihogo ya bibi yangu," alisema meja, akitabasamu.

"Mihogo ya bibi yako haina harufu?"

Tabasamu likafa. Kisu kikashuka kuelekea gunia.

Mlio mmoja wa bastola.

Kisu kilizama majini. Meja alianguka ukingoni, ameshika kiganja kilichotoboka, akitukana kwa Kifaransa. Numbi akamnyang'anya FN, akamfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Kisha akayatoa magunia yote ya dimbwi la tatu, akapapasa kila mshono mara mbili. Yalikuwa mazima.

"Chumvi iko kavu," aliiambia redio aliporudi garini. "Tuma casques bleus, baaskari ba Umoja wa Mataifa, babebe mzigo."

Akateremka na mfereji, mikono mifukoni, anapiga mluzi.

Agnès alikuwa ameinama na ndoo, mtoto mgongoni.

"Yaya!" alimwita kaka yake mkubwa. "Uko unafanya nini huku? Umelowana. Unatetemeka."

"Mayi iko baridi."

"Lete kikombe basi, mutoto iko na kiu."

Numbi alikiokota kikombe, akakijaza. Alijua magunia ni mazima. Alikuwa ameyapapasa mara mbili.

Hata hivyo alikunywa yeye kwanza, chote, akangoja.

Kisha akakijaza tena, akampa mtoto, akaenda zake.