Mume Wangu Alikipaka Kinamasi Rangi ya Kijani

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Kisumu. Haya yalinipata Kampala, enzi za utawala wa wanajeshi.

Mimi na mume wangu Odera tulikuwa na studio ya picha karibu na mtaa wa maduka wa Kikuubo. Mimi nilipiga, yeye alisafisha, kisha akazipaka rangi kwa brashi, maana picha zilikuwa nyeusi na nyeupe na wateja walipenda midomo myekundu. Alikuwa fundi, jamani!

Tuliishi Bugolobi, kando ya kinamasi. Kikaja kiwanda cha ngozi, kikafyeka mafunjo, kikamwaga humo damu, manyoya na maji meusi yanayonuka mzoga... Uchafu ukafika hadi kwenye chemchemi. Mabomba yalikuwa makavu. Tungekunywa nini? Mafuta ya taa yakipatikana, tulichemsha. Yakikosekana, tulifumba macho tukanywa.

Basi kila msimu nilisimama palepale nikapiga picha. Kwanza mafunjo yamesimama, kisha visiki, kisha povu na mizoga ya samaki. Majirani wakasema tuwapelekee wakubwa picha hizo, mtaro wa kiwanda ugeuzwe. Nikamwachia Odera azisafishe.

Siku ya kwenda huko pamoja na majirani, alinipa bahasha iliyokwisha kufungwa. Afisa mmoja wa jeshi akaifungua mbele yetu... Mungu wangu! Maji ya buluu! Mafunjo ya kijani! Hata mizoga alikuwa ameifuta!

"Mama, hapa safi kabisa," afisa akacheka. "Nani nasema iko chafu?"

Majirani wakafukuzwa kama waongo. Kumbe Odera alishaongea na yule afisa, akaahidiwa kupiga picha za sherehe za jeshi! Hakuona haya. Aliniambia nisiwe mjinga, siku hizi mtu anaishi kwa akili. Akili gani hiyo? Ptuu!

Mtaro haukugeuzwa. Mvua zilipoanza, Akinyi wetu, mtoto wa miaka minne, akashikwa na homa ya matumbo. Akanifia mikononi.

Matangani, Odera akaleta picha ya marehemu. Alikuwa amempaka mashavu mekundu... Akaniuliza kama amependeza.

Nilitapika palepale mbele ya wageni. Kisha nikafunga mizigo nikarudi Kisumu.

Ndugu zangu, nawasihi, ukimwona mwenzio anapamba uozo ili awafurahishe wakubwa, mkimbie mapema. Usijidanganye kwamba kwa kuwa ana watoto, hawezi kuwadhuru. Odera alimpenda Akinyi, naapa alimpenda... na maji yale ya chemchemi alimchotea yeye mwenyewe.