Kitanda cha Sita

Kitanda cha sita hakikuwa na mtoto, lakini kila adhuhuri shuka lake lilikuwa na joto.

Aliyeligusa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa nne wa udaktari, mgeni aliyevuka mipaka kuja kujifunza kuzalisha na kutunza vichanga kwa miezi miwili. Wauguzi walimwita Nusu Daktari, naye akicheka nao. Siku ile hakucheka.

"Sista, hapa amelala nani?" alimuuliza mkuu wa wodi, mama mtu mzima.

"Hapo halali mtu," sista alijibu bila kuinua macho. "Ukitaka kurudi kwenu salama, usiulize tena."

Alhamisi iliyofuata wodi ilifurika. Vitanda vitano vilikuwa vimelaza watoto wawili wawili, na sista yuko chumba cha upasuaji, alipozaliwa mtoto njiti wa kilo moja na robo. Mama yake, fundi cherehani aliyekwisha kuharibikiwa mimba tatu, alimshika binti mkono.

"Dada, nakuomba. Huyu asinitoke."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamlaza mtoto kitanda cha sita.

Sista aliporudi alijishika kichwa. "Umefanya nini, mwanangu?" alinong'ona. Akamnyanyua mtoto, mtoto akawa wa bluu midomoni. Akamrudisha, rangi ikarudi. Wakajaribu mara tatu. Mara tatu ikawa vilevile.

Tangu hapo mtoto alikataa titi la mama yake, na maziwa ya mama yakakauka kama yaliyofungwa mfereji. Ajabu ni kwamba kwenye mizani aliongezeka kila siku, na pumzi yake ilinuka maziwa yaliyochanganyika na udongo mbichi. Siku ya tano binti aliweka kiti kando ya kitanda ajionee, na adhuhuri ilipotimia, jua likiwa kali dirishani na wauguzi wakizungumza hatua chache tu kutoka hapo, aliona godoro likibonyea taratibu kama limeegemewa na kiwiko, akaona midomo ya mtoto ikifunguka na kunyonya hewa tupu, akasikia mguno wa mtu aliyeridhika karibu kabisa na sikio lake, na tone jeupe likachuruzika kidevuni mwa mtoto.

Sista alimwita dobi wa hospitali. Mchana alifua mashuka. Mtaani kwake alijulikana kwa kazi nyingine, ya kupunga pepo. Mzee yule alisimama mbele ya kitanda akasoma dua kwa sauti ya chini hadi jasho likamlowesha mgongo. Jibu likatoka kinywani mwa mama wa mtoto, yule fundi cherehani, kwa sauti isiyo yake:

"Nani aliniletea mtoto?"

Macho yote, bila kukusudia, yalimgeukia binti.

"Haya," sauti ikasema kwa upole. "Basi."

Shuka likapoa. Mtoto akanyanyuliwa, akalia kwa nguvu, akalikamata titi la mama yake na maziwa yakaja. Mama alilia, sista akalia. Dobi peke yake hakufurahi.

"Kitandani ametoka," alimwambia binti pembeni. "Alikokwenda, mwanangu, sikuoneshwa."

"Nifanye nini, baba?"

Mzee alimtazama kwa huruma, akaokota kapu lake la mashuka, akaondoka.

Kesho yake mchana, chumbani kwake, mlango umefungwa, binti alimpigia simu mama yake aliye mbali. Alitaka tu kumsikia. Mama alifurahi, akauliza habari za masomo, kisha akatega sikio.

"Mwanangu," akasema, "huyo mtoto wa nani anayelia hapo karibu yako?"

Binti alizungusha macho chumba kizima. Palikuwa na kitanda, meza na yeye. Alitaka kujibu, lakini alihisi umajimaji vuguvugu kifuani. Alipoinama kutazama, blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa.

"Mbembeleze basi," mama akasema simuni. "Ana njaa huyo."