Mtindi Uliogoma Kuganda

Kila siku akitoka shule, Ng'washi alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala, nayo ni kuosha ndoo za mtindi. Mama yake, Kashindye, aliuza mtindi kando ya mashine ya kukoboa mpunga pale Rujewa. Asubuhi alichukua maziwa kwa jirani yao Lea, akayachemsha, akayaacha yapoe kidogo, kisha akakorogea kikombe cha mtindi wa jana. Kesho yake maziwa yalikuwa yameganda, mazito na meupe. Ng'washi alitakiwa kuchemsha maji na kusuuza kila ndoo kwa maji hayo ya moto.

Lakini kuchemsha maji kunataka kuni, na kuni zinataka mtu wa kuzifuata, na wenzake walikuwa wakimngoja wacheze mpira wa rede. Tangu shule zifunguliwe, Ng'washi alikuwa akimimina maji ya mfereji kwenye ndoo, anazitikisa mara mbili, basi. Kwa macho zilikuwa safi, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki ya tatu mtindi ukagoma. Mama alifunua ndoo akakuta maziwa mepesi yenye harufu mbaya. Kesho yake hali ikawa ile ile. Siku ya tatu aliyamwaga yote, uso umemvimba kwa hasira.

"Lea ananitilia maji kwenye maziwa," alisema. "Ananiona mimi mjinga."

Bibi Nyamizi, mama yake baba, alikuwa ameketi uani na kibuyu chake cha zamani, ambamo aligandishia maziwa yake mwenyewe ya kunywa.

"Mbona yangu yameganda, mayu?" alimwambia mkwewe, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na ni hayo hayo ya Lea."

"Kibuyu chako kimezoea, mama," Kashindye alijibu kwa kifupi.

Ng'washi alisikia. Kama maziwa ya Lea yaliganda kibuyuni, basi maziwa hayakuwa na kosa. Kilichobaki ni ndoo. Alifungua mdomo aseme, akamwona mama alivyokunja uso, akaufunga. Uoga ulimshika, na uoga ule ukamfanya awe mwongo bila kutamka neno.

Siku hiyo Mama alilisema jambo lile mashineni mbele za watu. Mambo ya mashineni hayakawii kufika. Asubuhi iliyofuata Gloria, binti yake Lea, alihamisha begi lake kwenye dawati jingine.

"Mama yako amesema mama yangu ni mwizi," alimwambia Ng'washi. "Majirani wawili wameshaacha kuchukua maziwa kwetu. Jana mama hakula."

Ng'washi aliinamia daftari lake.

Kipindi cha sayansi kilifundishwa na Mwalimu Juliana Kalinga, mwenyeji wa Iringa, asiyechoka kuulizwa. Siku hiyo walikuwa kwenye mada ya vijidudu. Ng'washi akanyoosha mkono.

"Madam, kwa nini maziwa yanakataa kuganda?"

"Maziwa yanagandishwa na bakteria," mwalimu alisema. "Nao wana adui zao. Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria tu, sisi havituumizi. Chombo kisiposafishwa vizuri, virusi hivyo huzaliana humo hadi bakteria wanaangamia."

"Wote?"

"Wako wanaonusurika. Bakteria aliyenusurika hukata kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi, akakihifadhi katika vinasaba vyake mwenyewe. Wanawe wanakirithi. Kirusi kile kikirudi, wanakitambua na kukikata, kama kwa mkasi. Wanasayansi walilithibitisha hilo kwa bakteria wa mtindi. Baadaye wenzao wakauazima mkasi huo kurekebisha vinasaba vya mimea, na hata vya watu. Njia hiyo inaitwa CRISPR, tamkeni krispa. Baadhi ya nchi zimeshaanza kuitumia kutibu ugonjwa wa selimundu, ingawa huku kwetu bado."

Darasa lilipotoka, Ng'washi alibaki. Alieleza yote, ndoo, rede, kibuyu cha Bibi, huku machozi yakimtoka.

"Umeshamwambia nani mwingine?" mwalimu aliuliza.

"Wewe tu, Madam."

"Basi bado hujamwambia anayehusika. Twende, nitakusindikiza."

Mama alisikiliza hadi mwisho, kuanzia habari za ndoo hadi za bakteria wanaotunza kipande cha adui yao. Aliinua mkono, na Ng'washi akafumba macho, lakini kofi halikuja. Alipofumbua, mama yake alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa.

"Nimemchafulia mwenzangu jina bure," alisema.

"Chemsha maji, usafishe ndoo sawasawa," Mwalimu Juliana alishauri. "Halafu anza na mtindi wa kibuyuni kwa Bibi. Nadhani humo wamo bakteria wa kila aina, na wapo waliokwisha kupambana na virusi hivyo wakapona."

Jioni ile Ng'washi na mama yake walimkuta Lea anakamua ng'ombe. Hakusimama.

"Mama Gloria, nimekuja kuomba radhi," Kashindye alisema. "Maziwa yako hayakuwa na kosa."

"Kosa ni langu," Ng'washi alidakia. "Sikuosha ndoo."

Lea aliendelea kukamua. "Ulinisema mashineni, mbele za watu," alisema mwishowe.

"Na kesho nitayafuta maneno yangu pale pale."

Akayafuta kweli. Asubuhi mtindi uliotokana na kibuyu cha Bibi ulikuwa umeganda vizuri. Kashindye aliubeba hadi mashineni, akasimama katikati ya wabeba magunia na wanawake wapepetao pumba, akasema kwa sauti kwamba Lea ni mwaminifu na kwamba yeye ndiye aliyemsingizia. Ng'washi alitamani ardhi ipasuke immeze, maana aibu aliyoibeba mama yake ilikuwa yake yeye.

Njiani kurudi nyumbani alimshika mama yake mkono.

"Mama, tusahau basi."

"Hapana," mama alisema. "Wale wadudu wa mwalimu wako hawasahau kilichowaumiza, ndiyo maana wanapona. Kosa hili usilifiche wala usilitupe. Kaa na kipande chake, ili siku likirudi kwa sura nyingine ulitambue mapema. Wewe una kipande cha uvivu na cha kunyamaza. Mimi nina cha kumhukumu mtu kabla sijauliza, na changu ni kikubwa kuliko chako."